Bangkok: usimuulize dereva wa teksi bei

Aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura amefundishwa na mtaa kwamba teksi haipandwi kabla ya kupatana. Unainama dirishani, unataja uendako, unauliza "pesa ngapi?", mnavutana kidogo, mkikubaliana ndipo unafungua mlango. Asiyefanya hivyo hupigwa bei. Bangkok mambo yamegeuka: anayeuliza ndiye anayepigwa. Teksi za kule zina mita tangu 1992, na swali lako la bei linamwambia dereva kwamba mita huijui na uko tayari kupatana. Atakutajia bahti 300 (bahti ndiyo pesa ya Thailand) kwa safari ambayo mita ingesoma 77, nawe utamkata hadi 200 ushuke ukijiona mjanja.

Kwa hiyo anza na hesabu ya mita, uishike kichwani kabla ya kupanda ndege. Gari dogo la kawaida linaanza na bahti 35, na hizo ni za kilomita ya kwanza. Kutoka hapo hadi kilomita ya 10 kila kilomita ni bahti 6.50, ya 10 hadi 20 ni bahti 7, ya 20 hadi 40 ni bahti 8. Viwango hivi vilipangwa Januari 2023. Gari likikwama kwenye foleni, mita inahesabu bahti 3 kwa dakika. Bahti moja ni kama shilingi 75 hivi za Tanzania, au 4 za Kenya, kwa hiyo safari ya kilomita 3 kutoka mtaa wa Pratunam hadi mtaa wa Nana, na dakika 10 za foleni ndani yake, ni bahti 78 au pungufu. Hata kama umekuja na bajeti ya kubana, teksi ya mita si anasa.

Kila mita inaporuka inaongeza bahti 2. Ndiyo maana gari dogo likianza na 35 litasoma 37, 39, 41, namba witiri tupu hadi mwisho. Mwendo ukiwa mzuri, inaruka kila baada ya mita mia tatu hivi. Gari likisimama, inaruka kila baada ya sekunde 40. Ukiona inaruka kila baada ya sekunde tano ilhali mmesimama kwenye taa nyekundu, mita hiyo imechezewa. Usianze kugombana. Sema unashukia hapo hapo, lipa kilichoandikwa, ondoka. Hasara ya bahti 60 ni ndogo kuliko ya 400. Tena usikariri tu namba kubwa ya nauli: pembeni yake kuna kilomita kwa tarakimu ndogo, na hizo ndizo zinazokuambia kama umezungushwa.

Sasa uwanja wa ndege, maana wengi hupigwa hapo, wamechoka na hawana laini ya simu. Uwanja mkuu, Suvarnabhumi, uko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Ukitoka forodhani unatokea ghorofa ya 2, na hapo ndipo walipo wapiga debe na vibao vyao, pamoja na kaunta halali za magari ya kifahari ambazo bei zake si za mtu wa bajeti. Wapite wote. Shuka ghorofa ya 1, toka nje, utakuta mashine za foleni ya teksi. Unabonyeza aina ya gari, inatoa kikaratasi chenye namba, na namba hiyo ndiyo ya maegesho: nenda moja kwa moja kwenye gari lililosimama hapo. Kikaratasi ni chako. Ndicho ushahidi wa nani alikubeba na ndicho cha kulalamikia. Dereva akikiomba, mwoneshe kwa mkono, kisha kirudishe mfukoni. Anayekichukua na kukikunja huwa ana sababu.

Kwa safari hiyo mita itasoma kati ya 240 na 320 kutegemea foleni. Juu yake kuna bahti 50 za uwanja wa ndege, ambazo ni halali japo hazionekani kwenye mita. Tena kuna barabara ya kulipia: kwa njia ya kawaida ya kwenda katikati ya jiji utapita vibanda viwili, kimoja bahti 25 na kingine 50, na anayelipa ni abiria. Jumla ni 370 hadi 450. Akikutajia 700 "pamoja na kila kitu", umeshajua kila kitu ni kiasi gani. Pesa za vibanda zitoe mwenyewe mkifika kibandani, usimkabidhi dereva noti kubwa mapema akawa mweka hazina wako. Na hizo bahti 50 ni za kutoka uwanjani tu. Siku ya kurudi, akikudai 50 za kwenda uwanjani, hazipo.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba upande ghorofa ya 4, ya wanaoondoka, ukamate teksi inayoshusha watu ili ukwepe hizo 50. Sioni faida. Unaokoa bahti 50 na kupoteza kikaratasi, na dereva anayevizia pale juu mara nyingi ndiye asiyetaka mita.

Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, treni inaishinda teksi. Kituo kiko chini kabisa ya jengo, nauli haizidi bahti 45, na chini ya nusu saa uko mwisho wa reli, Phaya Thai. Anayelala Pratunam ashuke Ratchaprarop, kituo kimoja kabla, atembee. Treni hufanya kazi tangu alfajiri hadi karibu saa 6 usiku. Ndege yako ikitua saa 8 usiku, habari hii haikuhusu, rudi kwenye mashine ya vikaratasi.

Mjini ndiko kwenye kazi. Kanuni ya kwanza: usipande teksi iliyoegeshwa. Inayolala mbele ya hoteli au mlango wa duka kubwa inasubiri mgeni, na haikusubiri saa nzima ili ikubebe kwa bahti 60. Tembea hatua mia hadi barabara kubwa, simamisha inayotembea yenye taa nyekundu kwenye kioo cha mbele; taa hiyo maana yake ni tupu. Fungua mlango, taja uendako, na subiri aitikie kwa kichwa. Keti. Akianza kuondoka bila kubonyeza mita, ioneshe kwa kidole useme "mita", neno linaloeleweka. Akisema imeharibika, au akikutajia bei, asante, fungua mlango, shuka. Bila hasira na bila maelezo. Nyuma yake kuna nyingine, na si ajabu ukakataliwa na tatu ndipo ya nne ikakubali. Usiruhusu gari litembee mita mia mbili ndipo uanze kudai mita, maana hapo nguvu imehamia kwake.

Wanakataa kwa nini? Nauli ya kuanzia ilikuwa bahti 35 mwaka 1992 na bado ni 35. Wengi gari si lao: wanalikodi kwa zamu yenye urefu wa saa 12, tajiri anataka hesabu yake, gesi juu yao. Saa nzima ya kukwama Pratunam, mita inampa 180. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha daladala anaelewa maumivu hayo. Ukilijua hilo unaacha kumwona kila anayekataa kuwa mwizi, na muhimu zaidi, unabashiri utakataliwa wapi na lini: mvua ikinyesha, Ijumaa jioni, na kati ya saa 9 na saa 11 alasiri wanapobadilishana zamu, kwa sababu gari linatakiwa lirudi gereji na wewe unaelekea upande mwingine.

Ukibanwa katika saa hizo, fungua programu ya simu ya kuita gari. Grab na Bolt zote zinafanya kazi Bangkok, na wa Dar au Nairobi mwenye Bolt kwenye simu anaijua tayari. Bei unaiona kabla. Wakati wa mvua inaweza kuwa mara mbili ya mita, lakini haitaongezeka njiani. Tatizo la huko ni dereva anayekuomba ughairi safari mlipane mkononi. Ukighairi, bei uliyoiona imekufa na kumbukumbu ya safari imekufa nayo. Mwache aghairi mwenyewe.

Na mara nyingine kupatana ni busara. Una mafurushi manne ya nguo, saa 11 jioni, ndege saa 4 usiku: dereva akisema 400 hadi uwanjani, na barabara ya kulipia ni juu yake, chukua. Mita na vibanda vingekaribia hapo hapo. Cha kuepuka ni kupatana bila kujua mita ingesema nini.

Kupatana kwa kweli ni kwa tuk-tuk, ambayo haina mita, na ujuzi wako wa bajaji utakufaa. Ila bei ikiwa ndogo mno ndipo uogope. Bahti 20 au 40 kwa kuzungushwa jiji zima maana yake ni kwamba utapitishwa kwa sonara na kwa fundi suti, dereva apewe kuponi za mafuta kwa kila duka atakalokuingiza. Mtu nadhifu akikuambia barabarani kwamba Kasri Kuu la wafalme limefungwa leo, ni mlango wa mchezo huo huo. Kasri hufunguliwa saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na habari ya kufungwa utaambiwa langoni, si barabarani.

Pikipiki za fulana za rangi ya machungwa ni bodaboda zenye kijiwe. Vijiwe vingi vina ubao wa bei, usome kwanza. Na anayekwenda Bobae, soko la nguo, kununua jumla asipande gari kabisa: boti ya mfereji wa Saen Saep inatoka gati la Pratunam, inasimama Bobae kwenyewe, nauli ni ya sarafu chache, na mfereji hauna foleni. Jioni boti hukoma mapema, kwenye saa 1, mwisho wa wiki mapema zaidi.

Noti. Ya 100 ni nyekundu, ya 500 ni zambarau, na gizani ndani ya teksi, kwa mgeni wa siku ya pili, zinachanganyika. Itaje kwa sauti unapoitoa. Ya 1,000 usimpe dereva, atasema hana chenji na pengine ni kweli. Ivunje dukani kwa chupa ya maji ili mfukoni uwe na za 20 na za 100.

Anwani iwe kwa maandishi ya Kithai, picha kwenye simu, pamoja na namba ya simu ya hoteli dereva apige mwenyewe. Namba za vichochoro ziangalie sana: barabara ya Sukhumvit, witiri ziko upande mmoja na shufwa upande mwingine, na hazilingani. Kichochoro cha 38 kinatazamana na cha 55. Ukitaja namba siyo, dereva hajakuibia, lakini dakika 25 za kutafuta pa kugeuzia zitasomwa na mita.

Ikitokea ugomvi wa bei mkifika, mzigo utoke kwenye buti kwanza. Mkiwa wawili, mmoja ashuke atoe mabegi, mwingine abaki na pesa. Ukiwa peke yako, begi lenye pasipoti halikai kwenye buti tangu mwanzo. Usipaze sauti; Thailand anayefoka huonekana mwenye makosa hata akiwa na haki. Lipa kilichosomwa na mita pamoja na nyongeza halali, piga picha ya kibao cha njano cha namba na ile namba iliyo mlangoni, na akiendelea kung'ang'ania piga 1155, polisi wa watalii, ambao wana wasemaji wa Kiingereza. Malalamiko ya baadaye, ya kukataliwa au mita iliyochezewa, yanakwenda 1584, idara ya uchukuzi wa barabara. Watakuuliza namba ya gari, saa na mahali, vitu vitatu ambavyo picha moja ya simu inavihifadhi vyote.