Sabufa inavuma ukutani, kwenye kochi haisikiki

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina resiva, spika tano na sabufa moja katika sebule yenye urefu wa mita 5. Sabufa iko ukuta wa mbele chini ya televisheni, na kochi liko katikati kabisa ya chumba. Nikikaa hapo besi siisikii, na sauti za wanaume kwenye filamu ni nyembamba kana kwamba wanaongea kwa simu. Lakini wanangu, ambao hukaa mkekani wakiegemea ukuta wa nyuma, wanalalamika kuwa inawavuma masikioni. Krosova ya resiva, yaani mpaka unaogawa sauti nene za sabufa na zile za spika, iko kwenye Hz 150 na ile ya sabufa yenyewe iko kwenye Hz 60. Aliyenifungia aliniambia niongeze tu sauti ya sabufa. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kuongeza sauti hakutakusaidia, kwa sababu una matatizo mawili tofauti, na hakuna hata moja linalotokana na udogo wa sauti.

La kwanza ni krosova mbili kugombea kazi moja. Resiva yako imezizuia spika zisipige sauti zilizo chini ya Hz 150 na kuzipeleka zote kwenye sabufa, nayo sabufa inakataa chochote kilicho juu ya Hz 60. Kwa hiyo sauti zilizo kati ya vipimo hivyo zimefukuzwa huku na hazikupokelewa kule. Humo ndimo uliko uzito wa sauti ya mwanamume. Zungusha krosova ya sabufa hadi mwisho wa juu, au kama ina swichi iliyoandikwa LFE iwashe, ili kazi ya kugawa sauti ibaki kwa resiva peke yake. Kisha shusha krosova ya resiva hadi Hz 80, kipimo kilichochaguliwa na THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti za sinema, kwa kuwa chini ya hapo sikio hupata taabu kutambua besi inatoka upande gani. Ikiwa spika zako ni zile za koni ya inchi 3, anza na Hz 120, maana hazina ubavu wa kushuka zaidi. Katika menyu ya resiva spika zote ziandikishwe kuwa ndogo, hata kama ulizinunua kwa bei kubwa. Neno hilo lina maana tu kwamba besi yao inapelekwa kwenye sabufa.

La pili ni chumba chenyewe, na hapa wanao wana haki kulalamika. Wimbi la sauti la Hz 34 lina urefu wa takriban mita 10, yaani mara mbili ya sebule yako, hivyo linaporudi na kukutana na lenzake hujikusanya kwenye kuta mbili na kufifia katikati, pale pale ulipoweka kochi. Lisogeze nyuma kama mita 1, lakini lisiguse ukuta.

Kisha tafuta mahali pa sabufa. Ipandishe juu ya kochi, pale unapokaa, upige muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, halafu utambae kando ya kuta ukiwa umeinamisha kichwa karibu na sakafu. Watakaokuona watacheka, waache wacheke. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu inayokaribiana, bila moja kulipuka na nyingine kumezwa, ndipo pa kuiweka.

Swichi ya fezi, inayogeuza mwendo wa koni ya sabufa ili uendane na wa spika, ijaribu kwenye 0 na kwenye 180 ukiwa umekaa, uchague upande wenye besi iliyojaa zaidi. Sauti ya sabufa irekebishe mwisho kabisa, kwa mlio wa majaribio wa resiva, ukianzia nusu. Na mkeka wa watoto usogeze mbele, kwa sababu pale ukutani besi itaendelea kujaa.