Baridi ya Uyole haipozi LED: nilivyotengeneza taa ya cherehani ya mama

Jamani wadau mnaopenda kujitengenezea vitu nyumbani, leo niongelee hizi taa za LED maana naona wengi tunaunguza zile chip halafu tunasema feki, na mimi nilisema hivyohivyo.

Mama anashona nguo hapa nyumbani Uyole, Mbeya, na kuanzia mwezi wa sita kuna asubuhi ukungu hautoki mapema, chumba giza, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi huuoni kabisa. Nikanunua chip ya LED ya wati 10, ile ya mraba yenye uso wa njano, inatumia volti 9 hadi 11 hivi, nikaipiga skrubu kwenye kipande cha plaiwudi nikaiunga kwenye betri ya sola kupitia risista, kile kidude cha kupunguza umeme, nikajiambia na baridi hii yetu itapoa yenyewe tu. Iliwaka vizuri sana. Haukupita muda mama ananiita, "Mwanangu, mbona taa yako inafifia?" Naigeuza, plaiwudi kwa nyuma imeshakuwa kahawia na inanuka moshi.

Iko hivi. LED hairushi joto mbele kama zile balbu za zamani, sehemu kubwa ya umeme wake inageuka joto na linabaki nyuma ya chip, kwenye kibati cha kama sentimita 2 kwa 2, sasa mbao haipitishi joto, kwa hiyo hata ukienda kuiwashia Makete kwenye sakitu hiyo baridi haina njia ya kulifikia. Joto lazima litoke kwenye chip liingie kwenye aluminiamu, lisambae kwenye mapezi ya hitisinki, yaani kile kipande cha aluminiamu cha kupozea, ndo hewa ilichukue.

Hitisinki wala usinunue mpya, zungukia mafundi kompyuta na mafundi redio pale Mwanjelwa, kompyuta mbovu na amplifaya zilizokufa zinakuwa nazo. Chagua yenye mapezi marefu yaliyoachana, na uso uwe bapa. Mimi ya kwangu niliisugua kwa msasa laini niliouweka juu ya kioo, mpaka ile mikwaruzo yote ikaisha, halafu nikafuta kwa spiriti.

Grisi ya kupozea, ile inayopakwa kati ya chip na hitisinki, ndo watu wanakosea sana. Mara ya kwanza niliipaka nene kama siagi kwenye mkate, kumbe kazi yake ni kuziba vijitundu vya hewa tu, aluminiamu yenyewe inapitisha joto vizuri kuliko grisi. Weka kiasi cha punje ya mchele katikati, bandika chip, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kukingamisha kona, usimalize moja kabla ya nyingine, chip inaweza kupinda.

Halafu na namna ya kuning'iniza. Nilivyoifunga mapezi yamegusa siringbodi ilichemka, nikaishusha na kuyasimamisha mapezi wima, hewa moto ikapata pa kupandia na joto likapungua nikalisikia kwa mkono.

Na risista achana nayo kama unatumia sola. Betri ikitulia iko 12 na kitu, jua likitoka ikichajiwa inafika volti 14.4, ile nyongeza yote inaishia kwenye risista na chip, ampea zinapanda karibu mara mbili na chip inaungua na hitisinki yake nzuri tu. Nunua draiva ya kushika ampea, yaani kifaa kinachozuia ampea zisipande hata volti zikipanda, kwa wati 10 ni kama miliampea 900, na uhakikishe ni ya kuingiza volti 12 za betri, sio ile ya umeme wa ukutani.

Ukiiwasha mara ya kwanza usiondoke. Kaa nayo nusu saa, gusa hitisinki kila baada ya muda kidogo, ukiona huwezi kuacha kidole mpaka uhesabu kumi basi zima, tafuta kubwa zaidi.