Mpiga Picha Anajibu: Mlima Umegeuka Kichuguu

SWALI: Shikamoo bwana mpiga picha. Mimi ni kijana wa Tanga, naishi Manchester. Siku saba nabeba maboksi ghalani, nikipata likizo napanda milima. Mei mwaka jana nilikwenda Lake District, kule kwenye maziwa ya kaskazini, nikapanda Catbells, juu ya ziwa Derwentwater. Nilifika kileleni saa saba mchana, jua kali, nikapiga picha mia mbili na kitu. Nilipozifungua nyumbani nikakuta mbingu nyeupe kama shuka, bonde jeusi, na ile milima iliyonitoa jasho imekuwa vichuguu. Kamera yangu ni ya mkono wa pili, na lenzi yake ni ile ya kuzungusha, ya milimita 18-55. Mei hii narudi. Rafiki yangu anasema ninunue lenzi pana zaidi. Ninunue? — S. H., Manchester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue. Hela hiyo lipia kitanda cha hosteli pale Keswick, mji wa kando ya ziwa hilo, usiku mmoja au miwili. Tatizo lako ni saa uliyopiga na mahali uliposimama, na lenzi hiyo mpya ingekuongezea balaa.

Lenzi pana inaingiza vitu vingi. Ili viingie vyote, lazima vipungue, na cha mbali, ambacho tayari ni kidogo, kinabaki si kitu. Nina hakika picha zako zote umezipiga kwenye 18, upana wa mwisho wa lenzi yako. Mlima wa ng'ambo ya ziwa ukiupiga kwa 18 unapata kichuguu, majani mengi mbele yake na mbingu tele juu yake. Zungusha hadi 55, mlima ule ule utakusogelea na kukujazia picha. Mimi kule nilipiga zaidi kwa lenzi kuukuu ya 50 isiyozunguka kabisa, na sikuijutia.

Sasa hicho kilele. Milima ya kule ni mifupi, wala si siri. Catbells ni mita 451. Scafell Pike, mrefu kuliko yote ya England, ni mita 978. Lushoto mjini penyewe, pale sokoni, ni juu zaidi ya hapo. Lakini barafu ya zamani ilichimba yale mabonde kwenda chini, na ubavu wa mlima unaanzia majini pale pale, ukapanda kama ukuta wa nyumba. Ukubwa wake wote uko kwenye huo ukuta, na ukuta huwezi kuuona ukiwa umesimama juu yake. Kutoka kileleni ziwa linaonekana kama maji yaliyomwagika sakafuni, na vilima vyote vimelala. Mandhari unaifurahia kweli, kwa sababu unageuza shingo na upepo unakupiga. Kamera haina shingo.

Kwa hiyo panda hadi nusu, ukome. Catbells ina bega lake la kwanza kabla ya kilele, Skelgill Bank. Hapo ziwa liko chini yako na visiwa vyake bado vina umbo la visiwa, na ukitazama kaskazini mlima Skiddaw umesimama nyuma ya mji kwa urefu wake. Kisha tafuta kitu cha kuweka mbele: jiwe, geti, au ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Kuta hizo ziko kila mahali huko na zinapanda mlima zenyewe, zinakuongoza jicho. Ukishapata picha yako, endelea kileleni kunywa chai ya chupa. Sehemu ya mwisho ina mawe ya kushika kwa mikono, kwa hiyo kamera itie begini. Mimi yangu niliiacha ining'inie shingoni, ikagonga jiwe, na mkwaruzo upo hadi leo.

Kuhusu saa. Katikati ya Mei jua la Keswick linachomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri, na kuzama ni saa tatu na dakika kadhaa usiku. Wewe ulifika saa saba, jua likiwa juu kuliko saa nyingine zote, vivuli vyote vimefupika karibu na vitu vyenyewe. Mlima usio na kivuli hauna mikunjo, unakuwa bapa. Ndiyo maana nikasema ulale pale pale: treni ya Manchester na basi la Keswick haziwezi kukufikisha ziwani alfajiri.

Asubuhi usipande kabisa. Kaa upande wa mashariki wa ziwa, pale Friar's Crag, mwendo wa dakika kumi hivi kutoka kwenye gati la boti. Jua linatokea nyuma yako na Catbells ng'ambo inapigwa usoni, kuanzia kilele, mwanga ukishuka polepole kama mtu anavuta pazia. Upepo mara nyingi huwa umelala saa hizo. Niliwahi kukaa pale dakika arobaini, vidole vimekufa ganzi, nikingoja maji yatulie mpaka mlima uonekane mara mbili. Yakatulia. Nikaweka kidole kwenye kitufe, na bata mmoja akajitokeza kwenye matete akapita katikati ya kioo chote kile, nyuma yake mstari wa mawimbi umefunguka kama zipu. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Basi picha ya bata ndiyo iko ukutani kwa dada yangu, kule Chumbageni, Tanga. Zile za maji matulivu, zilizofuata, sijui hata ziko diski gani.

Jioni ndiyo upande Catbells. Jua linakuwa nyuma ya mgongo wa mlima, linaangaza ng'ambo ya mashariki, huku kivuli cha Catbells yenyewe kikitambaa juu ya maji. Kikishafika ufuo wa pili, mchezo umekwisha. Shuka na tochi ya kichwani.

Mbingu nyeupe nayo ina dawa yake. Jicho lako linaona bonde na wingu kwa pamoja. Kamera lazima ichague. Ukiiachia yenyewe, inahurumia bonde na kuichoma mbingu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uteremshe mwanga hatua moja, na kwenye menyu chagua faili ghafi, lile linaloandikwa RAW. Picha itaonekana ya giza kwenye kioo, usiogope. Giza unaweza kulifufua ukihariri. Weupe ulioungua haufufuki.

Mambo mengine kwa kifupi. Mwezi huo wana-kondoo wako kila mahali. Wa jamii ya Herdwick wanazaliwa weusi na mama zao ni wa kijivu, weupe usoni, picha nzuri sana, ila usimfuate mama hadi akakimbia akamwacha mtoto. Ukifika bonde la Rannerdale, karibu na Buttermere, utakuta maua ya buluu yametandaza mteremko mzima. Usitoke njiani ukayakanyaga ili upate picha ya kujilaza ndani yake, maana majani yakipondeka mmea unakosa chakula cha mwaka unaofuata. Na koti la mvua, hata kama mbingu ni safi.

SWALI: Mimi niko Mbeya, nina simu tu. Nataka kwenda Kitulo kupiga maua, lakini wakati wa maua ndio wakati wa mvua. Nisubiri kiangazi? — Mama Neema

JIBU: Ukisubiri kiangazi, dada yangu, utapiga nyasi. Kitulo, ndiyo hiyo wanayoiita Bustani ya Mungu, inachanua kwa mvua, hasa Desemba hadi Aprili. Tena wingu ni rafiki yako: jua kali linaunguza ua jeupe kama lilivyounguza mbingu ya huyu kijana wetu hapo juu. Igeuze simu kichwa chini, ili lenzi iwe karibu na ardhi, uiteremshe hadi usawa wa ua lenyewe. Okidi ndogo itasimama juu ya upeo kama mnara. Futa lenzi kwa ncha ya khanga kavu kila baada ya picha mbili tatu. Vaa sweta, huko juu si Mbeya mjini.

Na ndugu aliyeandika barua ya tatu akitaka nimtafutie mteja wa kamera yake: safu hii si mnada. Halafu hukusema hata bei.