Kisakinishi kikigoma, anza na logi

Wewe unayeanza kazi ya kompyuta kwenye ofisi za Upper Hill au Westlands, Nairobi, utaitwa sana kwa sababu ya programu iliyokataa kuingia. Mhasibu anakupigia tarehe 19, kesho ndiyo mwisho wa ritani za VAT, na skrini yake inaonyesha namba ya kosa 1603 tu. Presha hiyo huwafanya vijana wafute folda, wang'oe toleo la zamani na kuzima antivirasi kwa kubahatisha. Tafadhali usiguse kitu bado. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hutajua lipi lilikuwa tatizo, na wiki ijayo litarudi kwenye mashine nyingine.

1603 haitaji kilichoharibika. Inasema tu kwamba usakinishaji umeshindikana. Sababu huandikwa kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za kila hatua ya usakinishaji, ila sharti uiombe. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uandike:

msiexec /i programu.msi /L*v C:\logi.txt

Logi hiyo inaweza kuwa na maelfu ya mistari, kwa hiyo usiisome kuanzia juu. Tafuta maneno "Return value 3" yanapotokea mara ya kwanza, kisha panda mistari michache. Mara nyingi utakuta hapo kitendo kilichokwama na kosa lake: folda ambayo akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, imenyimwa ruhusa ya kuandika, au huduma iliyokataa kuwaka. Yaliyo chini yake, kwa sehemu kubwa, ni Windows inafuta ilichokuwa imeanza kuweka. Nimeona hata wazoefu wakipoteza asubuhi nzima huko chini.

Namba nyingine ni nyepesi. 1618: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, subiri. 1619: kifurushi, yaani faili la .msi, hakikufunguka; kikiwa kwenye diski ya mtandao, kama Z:, kinakili kwanza kwenye C:. 1620: faili si kifurushi halali, pengine bando liliisha kabla haijashuka yote. 3010 si kosa, programu imeingia na inataka mashine iwashwe upya.

Linaloniuma zaidi ni folda ya C:\Windows\Installer. Laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa Moi Avenue zina diski ndogo, na ikijaa, mtu anaifuta folda hiyo akidhani ni takataka. Humo ndimo Windows inamotunza nakala za vifurushi inavyohitaji ili kukarabati, kusasisha au kuondoa programu. Hasara haionekani siku hiyo. Huja miezi baadaye, toleo jipya linaposhindwa kuliondoa la zamani. Hapo utahitaji kifurushi kilekile cha toleo lilelile, na huenda mtengenezaji hakitoi tena. Kwa hiyo kila MSI unayosakinisha, weka nakala yake kwenye seva ya ofisi, namba ya toleo ikiwa ndani ya jina la faili.