Kaka yangu alizama ziwani na mwili haukupatikana. Je, atafufuka na mwili gani?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Naandika kutoka Busia, upande wa Uganda. Kaka yangu alikuwa mvuvi huko Majanji. Mtumbwi wao ulipinduka usiku na mwili wake haukuonekana tena. Wazee walisema tuzike mgomba badala yake, nasi tukafanya hivyo. Sasa mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi ananiambia nisisumbukie habari za mwili, kwa kuwa siku ya ufufuo tutakuwa roho tupu. Ananisomea 1 Wakorintho 15:44, "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho," na mstari wa 50, "nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu." Ikiwa samaki wamemla kaka yangu, kuna mwili gani wa kufufuka? Nami nitamtambua?

Jibu: Asifiwe milele, dada yangu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa kukosa hata kumwona mara ya mwisho.

Kaka yako atafufuka na mwili. Hiyo ndiyo imani ya Kanisa tangu mitume, Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi tukiikiri kwa kinywa kimoja. Huyo mama najua alitaka kukufariji, lakini amekupunguzia tumaini lako, na hilo siwezi kulinyamazia.

Tutazame mistari aliyokusomea. Paulo aliwaandikia watu waliokulia kati ya Wayunani, ambao wengi wao waliuona mwili kuwa kitu duni ambacho roho hufurahi kukiacha. Huko Athene, waliposikia habari za ufufuo wa wafu, wengine walidhihaki (Matendo 17:32). Kama Paulo angefundisha kwamba roho pekee ndiyo itakayobaki, asingedhihakiwa na mtu. Kwa hiyo anaposema "mwili wa roho" hasemi mwili usio mwili. Katika waraka huohuo, sura ya 2, anamtaja "mtu wa rohoni." Je, mtu huyo hana mifupa? Anakula, analima, anaumwa kichwa kama wewe na mimi, ila anaongozwa na Roho wa Mungu. Vivyo hivyo mwili wa roho ni mwili unaohuishwa na Roho Mtakatifu, usiochoka, usiougua, usiokufa. Warumi 8:11 inalisema wazi: aliyemfufua Kristo "ataihuisha na miili yenu iliyo katika hali ya kufa." Miili yenu, dada yangu.

Na mstari wa 50 usikatwe katikati. Unaendelea: "wala uharibifu kurithi kutokuharibika." Nyama na damu hapo ni ubinadamu wetu huu dhaifu unaooza, ambao hauwezi kuingia katika ufalme jinsi ulivyo. Ndiyo maana mstari wa 53 unasema, "sharti huu uharibikao uvae kutokuharibika." Huu huu, wala si mwingine uliotolewa dukani mbinguni.

Lakini mimi sisimami juu ya mistari ya Paulo peke yake. Nasimama juu ya kaburi lililokutwa tupu. Wanafunzi walipodhani wanaona roho, Bwana aliwaambia, "Nishikeni-shikeni, mwone, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa kama mnavyoniona mimi kuwa nayo" (Luka 24:39). Kisha akala samaki mbele yao. Alama za misumari alikuwa nazo. Hata hivyo hakurudi kama Lazaro, aliyekuja kufa tena. Aliingia milango ikiwa imefungwa, na mauti haimtawali tena. Wafilipi 3:21 inaahidi kwamba mwili wetu wa unyonge utafananishwa na mwili wake wa utukufu. Kuhusu kutambuana, mkumbuke Mariamu Magdalene: alimdhania Yesu aliyefufuka kuwa mtunza bustani, hadi alipoitwa kwa jina lake. Nasadiki utamtambua kaka yako, naye atakutambua.

Sasa hili la samaki, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Si swali geni. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, watesi waliichoma miili ya mashahidi na kuyatupa majivu katika mto Rhône, makusudi, ili kulivunja tumaini la Wakristo la kufufuka. Ireneo, aliyekuwa askofu wa mji huo baada ya mateso hayo, hakurudi nyuma hata hatua moja. Aliwauliza waliokana ufufuo wa mwili: mwili uliolishwa Mwili na Damu ya Bwana utasemwaje hauwezi kupokea uzima wa milele? Na sisi Uganda tunajua habari hiyo. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki kwa Waanglikana, waliteketezwa kwa moto Namugongo. Mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda huko kila mwaka hawaamini kwamba moto wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda aliyeamuru wauawe, ulimshinda Mungu.

Paulo mwenyewe anatoa mfano wa mbegu: unachopanda si mmea utakaochipuka, ni chembe tupu, na Mungu huipa mwili apendavyo. Hahesabu vipande vilivyobaki udongoni. Aliyemwumba kaka yako wakati hakuwako kabisa hahitaji kaburi ili ampate. Ufunuo 20:13 inasema, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Ziwa hilo nalo litatoa. Kwa sasa, ikiwa alilala katika Kristo, yuko pamoja na Kristo, akingoja siku hiyo kama sisi tunavyoingoja.

Mgomba mliouzika msiufukue. Hamkutenda dhambi kwa kutafuta mahali pa kulilia. Ila msiuombe wala msiuogope, na mtu asiwaambie kwamba bila huo roho yake ingetangatanga. Wekeni msalaba wenye jina lake. Mkifanya ibada ya kumbukumbu, someni 1 Wakorintho 15 kuanzia mstari wa 35 hadi mwisho bila kuruka, kisha simameni wote mkiri Imani ya Mitume. Mwalike na huyo mama.