Wasifu wa mama uanze na cheti cha ubatizo

Swali la wiki hii lilikuwa: mama Mkatoliki aliyelea familia, akalitumikia Kanisa na kuusaidia mtaa wake, akumbukwe vipi siku ya mazishi na baada yake? Jibu langu: akumbukwe kwa wasifu ulioandikwa vizuri, kisha kwa nia za Misa, yaani Misa zinazosomwa kwa ajili yake. Nia za Misa watu wanazijua. Wasifu ndio unaoharibika msiba hadi msiba, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Unaharibika kwa sababu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi. Anashikwa kijana mwenye laptop, anaulizia majina huku wengine wanapanga magari na turubai. Kinachotoka ni karatasi yenye tarehe zisizolingana na sifa nyingi: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, mchapakazi. Badilisha jina tu, karatasi hiyo itamfaa mama yeyote wa parokia. Mtu asikie alichokifanya mama. Sifa atazitoa mwenyewe.

Kazi ianze siku ileile msiba unapotangazwa, na ianze na cheti cha ubatizo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inataka kipaimara na ndoa viandikwe pia kwenye kitabu cha ubatizo, kwenye jina la mhusika. Kwa hiyo katibu wa parokia aliyobatizwa, akipewa mwaka na namba, anayo mbele yake karibu safari yote ya sakramenti za marehemu. Cheti kikikosekana, tazama cha ndoa, kwani mara nyingi kinataja mahali pa ubatizo. Tatizo hujitokeza kwa akina mama waliobatizwa zamani kwenye vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia. Kigango kile leo huenda ni parokia kamili, lakini kitabu cha miaka ile kimebaki parokia mama. Majimbo nayo yamegawanyika: aliyebatizwa Ukerewe miaka ya 1950 alikuwa chini ya Mwanza, wakati leo Ukerewe iko Jimbo la Bunda, lililoundwa 2010. Andika jimbo la wakati ule, kisha la sasa, msije mkabishania kitu ambacho pande zote mbili zina haki.

Jina liamuliwe mapema. Tuseme cheti kinasema Anastazia, kitambulisho cha NIDA kinasema Anastasia, mtaa mzima unamjua kama Mama Joni. Chagueni tahajia moja, na jina la mtaani litajwe pia, maana kuna watu watakaosimama kaburini bila kujua Anastazia ni nani. Fundi wa msalaba hunakili kutoka kwenye wasifu. Tarehe ikikosewa kwenye karatasi hufutwa kwa kalamu. Ikishachongwa kwenye marumaru, mnalipia upya. Basi msalaba usiagizwe kabla ya wasifu kusomwa na mtu wa pili.

Ndoa ndipo penye kigugumizi. Wengi walianza kuishi pamoja baada ya mahari, ndoa ikaja kubarikiwa kanisani watoto wakiwa shule. Wasifu ukisema tu kwamba alifunga ndoa 1985, kisha mtoto wa kwanza akatajwa kuwa amezaliwa 1972, mabenchi ya nyuma yanaanza kunong'ona. Andika yote mawili kwa sentensi moja: alianza maisha na mumewe mwaka fulani, ndoa yao ikabarikiwa mwaka fulani, parokia fulani. Hakuna aibu hapo. Watoto watajwe wote kwa kufuatana kuzaliwa, na waliotangulia mbele ya haki wasirukwe. Kama kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa au aliyelelewa tu, wanafamilia wakubaliane usiku wa kwanza namna atakavyotajwa. Jina lililoachwa kwa makusudi halinyamazi. Huibuka kwenye kikao cha mirathi, na hapo hasira huwa mara mbili.

Utume wake usiulizwe kwa watoto peke yao. Watoto walimjua mama wa nyumbani. Muulizeni katibu wa jumuiya ndogo ndogo (kikundi cha waamini majirani), katibu wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania) wa parokia, na mama mmoja wa rika lake ambaye bado ana kumbukumbu nzuri. Madaftari ya jumuiya, ya mahudhurio na ya mweka hazina, huwa na miaka kamili ya uongozi. Kisha pimeni miaka hiyo. WAWATA ilianzishwa 1972, kwa hiyo wasifu unaosema alijiunga 1965 umechanganya na chama kingine. Jumuiya ndogo ndogo zilishika kasi Afrika Mashariki baada ya maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa ukanda huu, kuzipa kipaumbele mwaka 1976. Wasifu unaosema alikuwa mwenyekiti wa jumuiya 1968 unahitaji kuhakikiwa tena. Pangeni pia ngazi kwa mpangilio wake: jumuiya, kigango, parokia, dekania (kundi la parokia), jimbo. Msiruke ngazi ya chini kwa kuiona ndogo. Mara nyingi ndiko alikofanya kazi miaka mingi zaidi.

Chukueni mama aliyetunza nguo za altare. Sentensi ya kawaida itasema "alijitolea kanisani". Sentensi inayomfaa itasema kila Jumamosi alichukua vitambaa vya kufutia kalisi (kikombe cha Misa), akaviloweka kwanza peke yake, maji yale ya kwanza akayamwaga kwenye udongo safi na si kwenye bomba la maji machafu, kwa heshima ya Damu ya Kristo, ndipo akavifua kwa sabuni na kuvipiga pasi. Korporale, kitambaa kinachotandikwa chini ya kalisi na hostia, akaikunja mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, ikibaki na miraba 9, ili vipande vyovyote vya hostia vibaki katikati. Mistari michache tu, na paroko aliyehamia mwaka jana ameshajua nani alikuwa akimwandalia altare.

Upande wa jamii ni hivyohivyo. Kama alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, tajeni kijiji na darasa lilifanyikia wapi. Kama alikuwa mweka hazina wa kikoba, tajeni miaka aliyoshika sanduku. Jirani Mwislamu au Mlutheri aulizwe naye. Huyo ana habari ambazo jumuiya haina, za nani alipelekewa uji wakati anaumwa na nani alisomeshewa mtoto.

Ugonjwa upewe sentensi mbili. Majina ya hospitali zote na vipimo vyote ni habari za familia. Kama alipokea mpako wa wagonjwa na komunyo ya mwisho, hayo yaandikwe, maana kwa waamini ni habari kubwa kuliko jina la ugonjwa.

Urefu: maneno 500, yakisomwa taratibu, huchukua kama dakika 5. Inatosha. Chapisheni kwa herufi za ukubwa wa 14, upande mmoja wa karatasi, kurasa zikiwa na namba, ndani ya faili gumu kwa sababu ya upepo wa makaburini. Nakala 3: ya msomaji, ya paroko, ya akiba kwa msema chochote. Msomaji asiwe mtoto wa mwisho wa marehemu. Atavunjika sauti kwenye aya ya kwanza. Shukrani kwa madaktari, wafadhili na kamati zisiingizwe humo, zina msemaji wake.

Paroko aulizwe mapema wasifu usomwe wapi. Maelekezo ya Misale ya Roma, namba 382, yanataka Misa ya wafu iwe na mahubiri mafupi, si hotuba ya kumsifu marehemu. Ndiyo maana parokia nyingine huuweka nyumbani kabla ya mwili kutoka, nyingine baada ya komunyo, nyingine makaburini. Nyumbani ndiko bora kwa maoni yangu: watu wametulia na spika iko karibu.

Baada ya mazishi, kazi ya kumkumbuka inahamia kwenye sala. Tarehe 1 hadi 8 Novemba Kanisa linatoa rehema kamili (kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ajili ya marehemu walioko toharani, kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea, kwa masharti ya kawaida ya kitubio, komunyo na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Misa ya mwaka iandikishwe ofisini mapema, kwa jina la ubatizo, na siku ya kazi kama mnataka nia isomwe peke yake. Jumapili nia huwa nyingi. Nakala moja ya wasifu ibaki kwenye faili la katibu wa jumuiya, maana mwakani viongozi wanaweza kuwa wengine na wataulizia tarehe.