Anaongea vizuri, mbona hawezi kufunga vifungo?

SWALI: Binti yangu ana miaka 11 na ana sindromu ya Williams. Huzungumza kwa ufasaha hata wageni hushangaa, lakini hawezi kufunga vifungo vya shati wala kamba za viatu. Mwalimu wake anasema ni uvivu, nami humvisha kila asubuhi ili tusichelewe. Je, nimwache ahangaike, au niendelee kumsaidia?

JIBU: Mama mpendwa, binti yako si mvivu, na ningependa mwalimu wake naye asome jibu hili. Katika sindromu ya Williams, kipande kidogo cha kromosomu ya 7, chenye jeni kati ya 25 na 27, hukosekana tangu mimba ilipotungwa. Kwa kawaida lugha huwa imara kuliko uwezo wa kutambua kwa macho jinsi vitu vinavyokaa na kupangika, na uwezo huo ndio unaohitajika ili kuelekeza kifungo kwenye tundu lake, kukata kwa kisu au kushuka ngazi. Watu humsikia akisimulia kama mtu mzima, wakadhani mikono yake nayo inaweza yote, na anaposhindwa humlaumu.

Usimwache ahangaike, wala usimvishe kila kitu. Funga vifungo vyote isipokuwa cha mwisho, akimalizie mwenyewe. Akizoea, mwachie viwili, kisha vitatu, mpaka shati zima liwe kazi yake. Tumieni maneno, ambayo ndiyo nguvu yake: "shika kifungo, tafuta tundu, sukuma, vuta", ayatamke kwa sauti huku akitenda, kwani maneno humwongoza vyema kuliko mchoro. Mazoezi yafanyike jioni, wakati hakuna haraka. Viatu vya kubandika havina aibu yoyote. Kamba zinaweza kusubiri. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayefundisha kazi za kila siku kama kuvaa na kula, atakusaidia kuzigawa kazi nyingine katika hatua ndogo.

Liko jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Watoto wenye sindromu hii huvutwa mno na watu, hata wasiowajua kabisa. Kutambua nani wa kusalimiwa tu, nani wa kukumbatiwa na nani asiyefaa kufuatwa ni stadi ya maisha sawa na kuvaa, na kwa binti yako naiona ya haraka kuliko vifungo. Igizeni nyumbani, tena mara nyingi, kabla hajaanza kutoka peke yake.